Kiinitete cha 3BC kilichobaki: kipandikizwe au tuanze upya?

Swali: Nina miaka 36, mume wangu 41, tunaishi Tabata. Tumetafuta mtoto miaka sita. Picha ya mirija ilionyesha imeziba yote miwili, ndipo tukashauriwa IVF (mayai kurutubishwa nje ya mwili, maabara), tukaifanya hapahapa Dar es Salaam. Yalitolewa mayai 11, yaliyokomaa yakawa 9, yakarutubishwa 7. Siku ya tano tukaambiwa zimefika blastosisti (viinitete vilivyokua hadi kuwa na uwazi wa maji ndani) 2 tu, moja 4BB na nyingine 3BC. Ile 4BB ilipandikizwa siku hiyohiyo, kipimo cha damu kikatoka hasi. Ile 3BC imegandishwa. Ndugu wanasema mayai yangu yamechoka. Daktari mwingine anashauri tuachane na 3BC kwa kuwa haina ubora, tuanze mzunguko mpya wenye kupima kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) za viinitete. Hela ya mzunguko mwingine hatuna kwa sasa. Je, ni ubora wa kiinitete uliotuangusha? Na hiki kilichobaki kina faida yoyote?

Jibu: Dada, pole kwa yaliyokupata. Nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate. Kiinitete hicho kina thamani, na kwa hali yenu kinastahili kupandikizwa kabla hamjaingia deni la mzunguko mpya. Ila kisipandikizwe mwezi ujao. Kwanza lijulikane jambo ulilolitaja kwa sentensi moja ukapita: mirija imeziba, lakini imeziba vipi? Nitalirudia hilo mbele kidogo, maana linanitia wasiwasi kuliko hizo herufi B na C.

Tuzisome kwanza alama zenyewe. Mfumo huu waliuweka Gardner na Schoolcraft mwaka 1999, na maabara nyingi duniani bado zinautumia. Namba ya mwanzo, 1 hadi 6, inaeleza kiinitete kimetanuka kiasi gani. Kwenye 1 na 2 uwazi wenye majimaji ndani yake bado ni mdogo. Kwenye 3 uwazi umekijaza kiinitete chote. Kwenye 4 kimekuwa kikubwa kuliko mwanzo na ganda lake limekuwa jembamba. Kwenye 5 kinaanza kuchomoza nje ya ganda, na 6 kimeshatoka. Herufi ya kwanza ni ya kundi la seli za ndani, zile zitakazokuwa mtoto. Herufi ya pili ni ya tabaka la nje, ambalo litatengeneza kondo la nyuma. A ni seli nyingi zilizoshikamana vizuri, B ni seli pungufu kidogo au zilizolegea, C ni seli chache.

Kwa hiyo 3BC yako ina kundi la mtoto lililo sawa kabisa na la ile 4BB: zote mbili ni B. Zinatofautiana kwa mambo mawili tu, mtanuko na tabaka la nje. Mtanuko usikusumbue sana. Blastosisti hubadilika kwa saa. Iliyopewa 3 asubuhi inaweza kuwa 4 jioni. Cha kuuliza maabara ni siku na saa iliyogandishwa. Ikiwa ilifikia 3 siku ya tano, ilikwenda kwa mwendo mzuri. Ikiwa ilisubiriwa hadi siku ya sita, ni ya mwendo wa taratibu, na nafasi yake hupungua kidogo bila kwisha. Ile C ya tabaka la nje ndiyo yenye uzito zaidi. Tabaka hilo ndilo linaloanza kugusana na ukuta wa kizazi na kujichimbia humo, na tafiti nyingi zimeona kwamba lina uhusiano na mimba kushika, mara nyingine kuliko hata kundi la ndani.

Uzito huo ni kiasi gani? Utafiti mmoja mkubwa wa nchi kadhaa, uliofuatilia wanawake zaidi ya 10,000 waliopandikiziwa blastosisti mojamoja, uliziweka katika makundi matatu. Zenye daraja zuri, yaani AA, AB na BA, zilizaa mtoto hai kwa takriban 44 katika kila 100. Za kati, BB, takriban 39. Za daraja la chini, zenye C upande mmoja au zote mbili, takriban 30. Ukizichukua CC peke yake, karibu 14. Watoto waliozaliwa kutoka daraja la chini hawakuonekana kuwa wadogo zaidi kwa uzito wala kuzaliwa njiti zaidi kuliko wengine. Huo ni wastani wa wanawake wa umri mchanganyiko, usiuchukue kama ahadi kwako. Lakini pima mwenyewe: kati ya BB uliyopandikiziwa na BC iliyobaki, tofauti ni kama wanawake tisa katika mia. Na hao waliopewa BB, zaidi ya nusu yao walirudi bila mtoto kama ulivyorudi wewe. Kitu chenye nafasi ya karibu moja kwa tatu hakitupwi kwa neno "hakina ubora".

Kuna jambo jingine kuhusu herufi hizi. Zinatolewa na jicho la mtu aliyeinama kwenye hadubini kwa dakika chache. Wataalamu wawili wakionyeshwa picha moja hawabishani sana kuhusu A. Ubishi huwa mkubwa pale B inapokaribiana na C. Ukiomba picha ya kiinitete chako ikaangaliwe na mtaalamu mwingine, anaweza kuiita 3BB kwa moyo safi kabisa. Kazi ambayo daraja linaifanya vizuri ni kupanga foleni: kipi kitangulie, kipi kifuate. Maabara ilipochagua 4BB kwanza ilifanya sawa.

Sasa kwa nini kiinitete chenye sura nzuri kifeli? Kununua nazi sokoni kunalijibu swali hili vizuri. Unaishika, unaitikisa usikie maji, unagonga, unachagua ile inayokuridhisha. Ukiivunja nyumbani, siku nyingine ni mbovu. Daraja ni kutikisa nazi. Linalobaki gizani ni kromosomu, na hilo ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote katika umri wenu.

Seli ya binadamu ina kromosomu 46, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Mayai yako yaliumbwa ukiwa bado tumboni mwa mama yako, yakasimama katikati ya kugawana kromosomu, yakasubiri miaka yote hiyo. Vifungo vya protini vinavyozishika kromosomu pamoja hulegea kadiri miaka inavyokwenda, hivyo yai linapomalizia kugawana linaweza kubakiza moja ya ziada au kupungukiwa moja. Kwa mwanamke wa miaka 30 hivi, takriban blastosisti 3 katika 10 zina kasoro hiyo. Akifika 39 au 40 ni kama nusu au zaidi. Kuanzia miaka 43 ni nyingi mno, zaidi ya robo tatu. Wewe wa miaka 36 uko pale ambapo zaidi kidogo ya nusu ya blastosisti zako zinatarajiwa kuwa kamili. Na hata iliyo kamili, ikipandikizwa vizuri kwenye kizazi kizuri, haishiki kila mara. Hufaulu mara sita hivi katika kumi. Zidisha hizo mbili upate jibu la ile 4BB: nafasi yake tangu mwanzo ilikuwa karibu theluthi moja. Kutoshika mara moja hakuthibitishi kwamba kuna kitu kibovu kwako, na hakukupi sababu ya kuomba vipimo vyote vya duniani.

Blastosisti ya AA ina nafasi kubwa kidogo ya kuwa na kromosomu kamili kuliko ya BC, lakini uhusiano huo ni dhaifu. Zipo AA nyingi zenye kasoro, na zipo BC nyingi zilizo kamili. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza "nzuri" akapata mtoto kwa "mbaya".

Nirudi kwenye namba zenu, kwa kuwa ndugu wanasema mayai yamechoka. Mayai 11 kwa miaka 36 si ya mwanamke aliyekwisha mayai. Kati ya 11, 9 yalikomaa, zaidi ya 8 katika 10, na hilo ni zuri. Kati ya 9, 7 yakarutubishwa, sawa na asilimia 78. Makubaliano ya wataalamu yaliyofikiwa Vienna mwaka 2017 yanataka maabara irutubishe angalau asilimia 60 ya mayai kwa njia ya kawaida, au 65 ikiwa mbegu inadungwa moja kwa moja ndani ya yai. Hapo mmepita vizuri. Mlipoanguka ni kutoka 7 hadi 2, asilimia 29, wakati makubaliano hayohayo yanataka angalau asilimia 40 ya yaliyorutubishwa yafike blastosisti. Ni pungufu. Lakini kwa mayai saba, kiinitete kimoja tu zaidi kingewafikisha asilimia 43 na pasingekuwa na maneno. Namba ndogo hazibebi hukumu kubwa.

Kinachofaa ni kuomba ripoti ya siku kwa siku, maana siku ambayo viinitete vilisimama ina habari. Siku ya kwanza, saa 16 hadi 18 baada ya yai kukutanishwa na mbegu, huangaliwa kama zipo nyuklia (viini vya seli) mbili, moja ya mama na moja ya baba. Yai lenye tatu huachwa. Siku ya pili kiinitete kinatarajiwa kuwa na seli 4, siku ya tatu seli 8, zenye ukubwa unaolingana. Vipande vidogo vinavyomeguka huhesabiwa pia: chini ya asilimia 10 si kitu, zaidi ya 25 ni vingi. Seli yenye nyuklia zaidi ya moja ni dalili isiyopendeza. Siku ya nne seli hushikana hadi mipaka yake isionekane, hatua inayoitwa morula, na siku ya tano uwazi wa maji hufunguka.

Hadi seli 4 kiinitete kinaishi kwa akiba iliyowekwa ndani ya yai. Kati ya seli 4 na 8 jeni zake chenyewe zinawashwa, zikiwemo za baba. Kwa hiyo kama viinitete vyenu vilikuwa vibovu tangu siku ya pili, macho huelekea kwenye yai na jinsi lilivyochochewa kukomaa. Kama vilikuwa vizuri siku ya tatu kisha vikasimama, upande wa baba nao unaingia kwenye maswali, ingawa kasoro za kromosomu za yai zinaweza kusimamisha palepale pia. Siandiki haya ili lawama ihame kutoka kwako kwenda kwa mumeo. Nayaandika kwa sababu nyumba nyingi zinafanya mwanamke apimwe mara tano na mwanamume mara moja, miaka mitatu iliyopita.

Mumeo arudie kipimo cha mbegu baada ya kukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa. Aangaliwe kama ana mishipa iliyovimba kwenye korodani. Historia ya kukojoa damu utotoni isemwe, kwani kichocho kinapatikana sana ukanda wetu wa Pwani na kinaweza kudhuru njia za uzazi za wote wawili. Aache sigara. Zaidi ya yote aseme ukweli kuhusu dawa za "nguvu" na sindano za kujenga mwili: testosteroni (homoni ya kiume) kutoka nje huiambia korodani iache kazi, na mbegu zinaweza kushuka hadi sifuri. Mbegu huchukua karibu siku 74 kutengenezwa, pamoja na siku kadhaa za kusafiri, hivyo mabadiliko yoyote hupimwa baada ya miezi mitatu. Wiki mbili za kula vizuri hazibadilishi kitu. Haya yanahusu mzunguko ujao, ikiwa utahitajika. Kiinitete kilichogandishwa tayari hakiathiriki nayo.

Sasa mirija. Kuziba kuko kwa namna mbili, na tofauti yake ni kubwa. Mrija ukiziba karibu na kizazi na ukabaki mwembamba, kwa IVF hauna madhara. Yai halipiti huko tena. Ukiziba upande wa mbali, karibu na ovari, unaweza kujaa maji na kuvimba kama soseji. Maji hayo hayana pa kwenda ila kurudi kwenye kizazi. Humo yanakisukuma kiinitete, yanadhuru ukuta ambao kingejishikiza, na yana vitu vyenye sumu kwa kiinitete. Wanawake wenye mirija iliyojaa maji hupata mimba kwa IVF kwa takriban nusu ya kiwango cha wenzao, na huharibikiwa zaidi. Ukiondolewa mrija huo, au ukafungwa pale unapoungana na kizazi, nafasi hurudi karibu na ya wengine. Hakuna marekebisho ya herufi yoyote, hata kutoka BC kwenda AA, yanayokupa faida kubwa namna hiyo.

Kwa hiyo itafute ile picha ya mirija, filamu yenyewe na si karatasi ya majibu pekee. Mpe daktari aiangalie: dawa iliishia wapi? Mwisho wa mrija ulikuwa umepanuka? Kisha fanya ultrasaundi ya ukeni, hasa baada tu ya hedhi, na umwambie mpimaji wazi kwamba unatafutwa mrija wenye maji. Usipotajwa unaweza kuonekana kama uvimbe wa kawaida wa ovari na kupitwa. Ikithibitika, upasuaji wa matundu madogo ufanyike kabla ya kupandikiza. Mpasuaji akate akiwa amekaribiana na mrija, mbali na ovari, ili damu inayoilisha ovari isipungue. Kama tumbo limeshikamana sana na kuutoa mrija ni hatari, kuufunga tu kunatosha.

Jiulize pia kilichoiziba. Mara nyingi ni maambukizi ya zamani, klamidia au kisonono, au ya baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Lakini kwetu kuna kifua kikuu cha viungo vya uzazi, ambacho kinaweza kuwepo bila kikohozi hata kidogo. Mirija inayoonekana kama shanga kwenye filamu, hedhi iliyopungua sana, au ukuta wa kizazi unaogoma kunenepa ni dalili za kumfanya daktari achukue kinyama kidogo cha ukuta huo na kukipeleka kupimwa. Kupandikiza kwenye kizazi chenye kifua kikuu ni kupoteza kiinitete.

Uvimbe wa fibroidi nao uangaliwe. Ulio ndani ya uwazi wa kizazi au unaoukunja uwazi huo unapaswa kuondolewa. Ulio nje, usiougusa uwazi, uachwe. Hapa wanawake wengi wamepasuliwa bila sababu na kubakiwa na makovu mabaya kuliko uvimbe wenyewe. Kuingiza maji kidogo ya chumvi kwenye kizazi wakati wa ultrasaundi kunaonyesha uwazi huo vizuri kwa gharama ndogo kuliko kuingiza kamera.

Yote haya yatachukua miezi miwili au mitatu, na hapo ndipo uzuri wa kugandisha ulipo. Ndani ya naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, kiinitete hakizeeki. Kitakuwa na umri uleule hata kikikaa mwaka. Lipeni ada ya kukihifadhi kwa wakati, mkae na risiti.

Siku ya kukiyeyusha ikifika, kuna njia mbili za kuandaa kizazi. Ikiwa hedhi yako inakuja kwa mpangilio, mzunguko wa asili unafaa: yai lako linapevuka lenyewe, maabara inahesabu siku kuanzia hapo. Kifuko kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka hutengeneza homoni zinazosaidia ujauzito, na wanawake wa njia hii hupata kifafa cha mimba mara chache kuliko wa njia ya pili, ya dawa. Njia ya pili ni kupewa homoni ya estrojeni kwa siku 10 hadi 14 au zaidi, kisha ya projesteroni. Ni rahisi kupangia tarehe, na kwa mwenye hedhi isiyo na mpangilio ndiyo inayofaa. Kwa zote mbili ukuta unatakiwa kufika kama milimita 7 au zaidi. Kwenye njia ya dawa, blastosisti huwekwa baada ya siku tano kamili za projesteroni, yaani siku ya sita. Siku moja mbele au nyuma inaharibu kazi, kwa hiyo andika saa uliyoanza. Omba projesteroni ipimwe kwenye damu siku moja kabla au siku yenyewe. Kama unatumia vidonge vya ukeni na kiwango kiko chini ya nanogramu 10 hivi kwa mililita, vituo vingi huongeza sindano. Kipimo hiki hakina gharama kubwa na kinaokoa viinitete.

Zaidi ya 9 katika 10 huamka salama kutoka kwenye baridi. Blastosisti hunywea inapogandishwa, na ikiyeyushwa huanza kujaa tena ndani ya saa chache. Uliza kama imejaa tena kabla ya kuwekwa. Hiyo ni dalili ya uhai yenye maana kuliko herufi ya zamani. Inawekwa kwa mrija laini mwembamba, kibofu kikiwa na mkojo kiasi na ultrasaundi ikiwa tumboni, sentimita 1 hadi 2 kutoka kwenye dari la kizazi. Ikiwa mara ya kwanza mrija ulipita kwa shida, ukavutwa au ukatoka na damu, sema mapema ili wafanye jaribio tupu kabla ya siku hiyo.

Kuhusu kupima kromosomu. Kipimo hiki huchukua seli 5 hadi 10 za tabaka la nje. Hakitengenezi kiinitete, kinachagua miongoni mwa vilivyopo. Mwenye blastosisti sita anaokoa muda na anapunguza kuharibikiwa mimba. Mwenye moja au mbili hana cha kuchagua. Utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2021, kwa wanawake wa miaka 20 hadi 37 wenye blastosisti nzuri tatu au zaidi, ulipata watoto kwa asilimia 77 ya waliopima na karibu 82 ya wasiopima, baada ya kupandikiza hadi mara tatu. Utafiti mwingine wa mwaka 2019, uliofanyika hasa Marekani, haukuona faida kwa wanawake wote wa miaka 25 hadi 40, ingawa wa miaka 35 kwenda juu walionyesha dalili ya kunufaika. Kuna pia viinitete vyenye mchanganyiko wa seli kamili na zisizo kamili vilivyotupwa zamani, ambavyo sasa inajulikana kwamba vinaweza kuzaa watoto wazima. Kuiyeyusha 3BC yako, kuikata seli na kuigandisha tena ili tu ipimwe sikushauri kabisa. Tabaka lake la nje ndilo lenye upungufu, na hapo ndipo seli zinapokatwa.

Daktari wako wa pili hajakosea kila kitu. Ana hoja katika hali moja: kama mnataka watoto wawili au watatu na hela ikapatikana ndani ya miezi michache. Kiinitete hakizeeki, ovari zinazeeka. Katika hali hiyo kuvuna mayai sasa, ukiwa na 36, na kuiacha 3BC isubiri, ni mpango wa akili. Kama hela itapatikana baada ya mwaka au zaidi, kuiweka 3BC rafuni mkiisubiri hela hiyo hakuna faida yoyote.

Mtakapofika kwenye mzunguko mwingine, ulizeni maabara maswali machache. Viinitete hufika blastosisti kwa asilimia ngapi kwa wanawake wa chini ya miaka 40? Inkubeta (mashine za kutunzia viinitete) zinatumia oksijeni ya asilimia 5 au hewa ya kawaida ya 20? Ya 5 ni bora kwa kiinitete. Umeme ukikatika, nini kinashika mara moja kabla jenereta haijawaka? Nyuzi 37 na uchachu wa kimiminika, yaani pH ya 7.2 hadi 7.4, vinatakiwa kukaa palepale usiku na mchana, na mkatiko wa dakika chache bila betri ya akiba unaweza kuvigusa. Uchachu huo unashikiliwa na kabonidayoksaidi, ambayo hapa usawa wa bahari huwekwa asilimia 5 hadi 6. Maabara ya mji wa mlimani huhitaji asilimia kubwa zaidi, kwa hiyo vipimo havinakiliwi kutoka kituo cha kwingine, vinapimwa hapohapo. Wakikuuzia kamera za kupiga picha kiinitete usiku kucha, au kukwaruza ukuta wa kizazi, jua kwamba majaribio makubwa hayakuonyesha kuwa vinaongeza watoto. Weka hela hiyo kwenye mirija.

Usikubali kuwekewa viinitete viwili kwa mpigo ili "kufidia" ubora. Vikishika vyote, mapacha huzaliwa njiti mara nyingi na presha ya mama hupanda zaidi.

Kwa sasa anza foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, na upimwe homoni ya tezi ya shingo, sukari na wingi wa damu. Baada ya kupandikiza hakuna haja ya kulala kitandani. Tembea, fanya kazi nyepesi, panda daladala kama kawaida. Damu ipimwe siku ya 10 hadi 14. Ukiona matone kabla ya hapo usiache projesteroni, hata kama kipimo cha mkojo nyumbani kimeonyesha mstari mmoja, hadi jibu la damu litoke na daktari akuambie uache.